Je, Kila Mwanachama wa Loji Lazima Alenge Kiti cha Mkuu?

Swali: Nimemaliza daraja la tatu la Umasoni (Freemasonry) miaka miwili iliyopita. Sasa nimedokezwa kwamba kwenye usimikaji ujao, yaani sherehe ya kuwaweka viongozi wapya wa mwaka, nitawekwa Mlinzi wa Ndani, ofisa wa mlangoni, na kuanzia hapo ni kupanda ngazi mwaka hadi mwaka mpaka kitini. Naipenda loji yangu na sikosi vikao, ila sina raha ya kusimama mbele za watu, na kukariri kurasa kwa kurasa kunanitisha. Nilipomwambia mzee mmoja, alinijibu kwamba ndugu asiyekitaka kiti cha Mashariki, yaani kiti cha Mkuu, ni abiria tu. Je, kweli kila mwanachama anapaswa kulenga kuwa Mkuu wa Loji? Na nikikataa, nikatae vipi nisionekane mtoro?

Jibu: Si lazima. Ila usianze kushangilia, maana swali lako la pili ni zito kuliko la kwanza. Kukataa kiti ni haki yako. Kukikataa wakati usiofaa ni kuwatwisha wenzako mzigo ambao hawakujipanga kuubeba, na hapo ndipo watu wanapogombana.

Tuanze na hesabu, kwa sababu inamaliza nusu ya ubishi. Kiti ni kimoja, na katika loji nyingi mtu hukikalia mwaka mmoja. Loji inayopokea wanachama 3 kwa mwaka itakuwa imepokea 30 katika miaka 10, na katika miaka hiyo hiyo imesimika Wakuu 10. Watu 20 hawatakiona kiti hata wakikiota kila usiku. Kwa hiyo anayesema kila ndugu akilenge kiti anawaambia wawili kati ya watatu wajiandae kukosa. Loji ambayo kila anayeingia lazima apitie kitini ni ile inayopokea mtu mmoja kwa mwaka au pungufu, na huko hatuzungumzii tena matamanio. Huko ni zamu, kama zamu ya lindo. Muulize mzee wako, kwa adabu, loji ilipokea wangapi katika miaka mitano iliyopita. Jibu litakueleza kwa nini amekuwa mkali.

Jambo la pili ni kwamba ngazi unayoelezwa ni desturi. Loji nne za London zilipoungana mwaka 1717 ziliunda Loji Kuu ya kwanza, na mwaka 1723 zikachapishwa kanuni zilizoandaliwa na James Anderson. Kanuni hizo hazina utata juu ya hili: Mkuu na Wasimamizi (maofisa wawili wanaomfuata Mkuu kwa cheo) huchaguliwa kwa sifa zao, si kwa ukongwe. Sharti lililowekwa kuhusu kiti ni kwamba mtu awe ametumika kama Msimamizi kwanza. Mpaka leo, chini ya Loji Kuu ya Uingereza, anayechaguliwa kuwa Mkuu anatakiwa awe ametumika kama Msimamizi kwa mwaka mzima, kutoka usimikaji mmoja hadi mwingine, au awe amewahi kuwa Mkuu; vinginevyo kitafutwe kibali maalumu. Hakuna mahali sheria inaposema lazima uwe umelinda mlango, kisha ukawa Shemasi wa Pili, kisha wa Kwanza (Mashemasi ni maofisa wanaowaongoza wanaopokewa). Hizo hatua ziliongezwa na mazoea, na mazoea hayo yalikua kwa sababu ambayo si ya kujivunia sana: ngazi inawaondolea watu kazi ya kuchagua. Kila mwaka wote wanasogea hatua moja, hakuna anayeambiwa "wewe bado", na hakuna anayenuna.

Uchu wa cheo bila kazi yake nao si wa leo. Katika karne ya 18 daraja la juu liitwalo Royal Arch lilikuwa la waliokwisha kuwa Wakuu tu. Ndugu wengi walilitaka lakini viti havikutosha (hesabu ile ile). Basi ikatungwa sherehe fupi ya "kumpitisha mtu kitini": anakalishwa, anapewa siri za kiti, anainuka, na kuanzia hapo anahesabiwa kuwa amepita. Hakuwahi kuongoza kikao hata kimoja. Katika mfumo wa Marekani sherehe hiyo ingali hai kama mojawapo ya madaraja ya kuelekea Royal Arch. Ikikujia siku moja hisia kwamba baadhi ya wenzako wanataka kuitwa Wakuu Wastaafu kuliko wanavyotaka kuwa Wakuu, ujue hujaona jambo geni.

Sasa ngazi yenyewe. Nitaifuata ya Kiingereza kwa kuwa ndiyo swali lako linayoielekea. Mhudumu kwanza, kisha Mlinzi wa Ndani, Shemasi wa Pili, Shemasi wa Kwanza, Msimamizi wa Pili, Msimamizi wa Kwanza, Mkuu, na mwaka mmoja zaidi kama Mkuu aliyetoka, umekaa kushoto kwa Mkuu mpya ukiwa tayari kumnong'oneza anapokwama. Ukianzia mlangoni mwaka huu, unajifunga kwa miaka 7. Marekani ngazi huanzia kwa Wahudumu wawili, haina Mlinzi wa Ndani, na tofauti kubwa ni vikao: loji nyingi za huko hukutana kila mwezi au mara mbili kwa mwezi, wakati loji nyingi za Kiingereza hukutana mara nne hadi sita kwa mwaka. Mtu akikuambia "mwaka wa kiti si kitu", muulize kwanza loji yake hukutana mara ngapi.

Hatua hizi hazilingani uzito. Uhudumu ni kazi ya mezani: kumwaga vinywaji, kuhesabu sahani, kujua nani hali chakula gani. Mlinzi wa Ndani ana mistari michache, lakini yuko mlangoni, na kosa lake husikika chumba kizima. Ngazi inabadilika kweli unapofika ushemasi. Shemasi wa Pili humwongoza anayepokewa katika daraja la kwanza. Shemasi wa Kwanza hufanya hivyo katika la pili na la tatu. Hebu itazame kazi hiyo kwa karibu. Umemshika mkono mtu asiyejua lolote, mkono wako mwingine una fimbo. Unatembea naye ukikata kona zote kwa pembe kamili, unahesabu hatua zake na zako, unamnong'oneza jibu kwa sauti ambayo yeye aisikie na wengine wasiisikie, na wakati huo huo unatega sikio kwa Mkuu ili usipitwe na zamu yako. Mkuu akikosea, wewe ndiye wa kuamua kama unaendelea au unasubiri. Hakuna kipimo bora cha mtu kuliko ushemasi. Aliyeufanya vizuri, kwa utulivu, akamfanya mgeni ajione yuko mikononi mwa mtu mwema, huyo ataweza kiti. Aliyepita ushemasi huku akisoma kwenye kijitabu au akisukumwa na Mkurugenzi wa Taratibu (ofisa anayeratibu sherehe) kila hatua, kiti kitamuumbua.

Usimamizi una jambo moja ambalo watu hawaelezwi. Ukishakaa pale, umeanza kuhesabiwa. Msimamizi wa Kwanza hana haki ya kurithi kiti. Mkuu huchaguliwa kwa kura ya siri, kwa kawaida kwenye kikao kinachotangulia usimikaji, na kura inaweza kumwangukia mwingine. Hutokea mara chache, na inapotokea huacha kidonda cha miaka, kwa sababu karibu kila mara aliyenyimwa hakuwahi kuambiwa neno mapema. Watu sita walimwona akishindwa akiwa Shemasi, wakasema "atajirekebisha", wakampandisha mara mbili, kisha wakamkata kwa sanduku la kura. Kamati ya loji yenye akili hukaa na kila Shemasi wa Kwanza kabla hajawa Msimamizi, ikamuuliza wazi: unataka, unaweza, na una nafasi? Maswali matatu, dakika 20. Loji nyingi huona haya kuyauliza, halafu hulipa gharama baadaye.

Mkuu mwenyewe anafanya nini? Wewe umetaja kusimama mbele za watu na kukariri, na wengi huishia kuona hayo mawili. Ukweli ni kwamba maneno ni sehemu ya kazi ambayo unaweza kuigawa. Sehemu ndefu za sherehe za madaraja hutolewa na ndugu wengine kila siku: nasaha kwa anayepokewa, maelezo ya zana za kazi, simulizi refu la daraja la tatu. Mkuu mwerevu hukaa na Mkurugenzi wa Taratibu mwezi mmoja kabla, wakagawana, kila mmoja akapewa anachokiweza. Usichoweza kugawa ni kiti chenyewe. Wewe ndiye unayefungua na kufunga loji. Hati ya loji, yaani kibali chake cha kukutana, iko chini ya dhamana yako. Maofisa wengi unawateua wewe, na kila uteuzi una mtu wa pili aliyedhani nafasi ni yake. Wewe ndiye unayeamua hoja ipi ipokelewe na ipi ikae, na wewe ndiye utakayepigiwa simu usiku ndugu wawili wakigombana kuhusu deni lisilohusiana na loji hata kidogo.

Mkuu asiyeweza kazi hii hugundulika kwa jambo dogo. Chukua kikao cha kawaida, ajenda imefika kwenye ada ya mwaka. Mhazini anapendekeza iongezwe. Ndugu mmoja anasimama kupinga, wa pili anasimama kabla wa kwanza hajakaa, wa tatu anapendekeza kiwango kingine kabisa. Mkuu anamtazama Katibu. Katibu ananong'ona. Mkuu Mstaafu wa mstari wa mbele naye ananong'ona, ila anasema tofauti. Hakuna aliyeandika pendekezo la tatu kama marekebisho au kama hoja mpya, na sasa watu wanaanza kunyoosha mikono bila kujua wanapigia nini. Dakika 40 baadaye nyundo inagongwa na suala linaahirishwa. Hakuna aliyesahau mstari hata mmoja wa sherehe usiku ule, na bado ni kikao kilichoharibika. Kuanzia hapo Katibu ndiye anayeongoza loji, na kila mtu anajua.

Kwa hiyo ukijipima, usianze na kumbukumbu. Jiulize kama unaweza kumwambia mtu unayempenda "kaa, zamu yako bado", na kesho yake mkala pamoja. Jiulize kama unaweza kumkatalia mzee aliyekupendekeza ulipojiunga. Halafu chukua kalenda ya loji ya mwaka mmoja na uandike siku zote: vikao vyenyewe, mazoezi kabla ya kila kikao, kamati, ziara kwenye loji jirani ambazo Mkuu anatarajiwa kwenda, misiba, wagonjwa. Loji ya vikao 5 inaweza kukudai jioni 30 au 40 kwa mwaka ukizihesabu zote, na idadi hiyo ni ya loji tulivu. Iweke mezani mbele ya mwenza wako na mfikirie pamoja. Ikiwa kazi yako ni ya zamu, angalia jioni ngapi kati ya hizo ziko mikononi mwa mwajiri. Ongeza na fedha: Mkuu hutarajiwa kutoa zaidi kwenye mfuko wa hisani na kugharimia wageni wake siku ya kusimikwa, na hakuna anayeandika kiasi hicho popote. Muulize Mkuu aliyetoka, faraghani. Atakuambia bila kuficha, maana bado inamuuma.

Kukariri, hilo nalo lisikutishe kupita kiasi, kwa kuwa lina ufundi wake. Tangu mwaka 1823 kuna loji ya mazoezi jijini London, Emulation, ambayo kazi yake ni kufanyia sherehe mazoezi, na inajulikana kwa kisanduku cha fedha cha viberiti anachopewa ndugu anayefanya sherehe nzima bila kurekebishwa hata neno moja. Kama isingekuwa vigumu, kisingetolewa. Hakuna anayekutegemea ufike huko. Kwa watu wengi dakika 15 hadi 20 kila siku, kwa sauti, ukitembea, zinashinda saa tatu za Jumapili. Kata matini vipande vya sentensi tatu nne. Anza na kipande cha mwisho kisha rudi nyuma, ili kila unapoendelea unaingia kwenye eneo unalolijua zaidi badala ya kuingia gizani. Hatari kubwa iko mahali ambapo madaraja mawili yana maneno yanayofanana: ulimi unashika njia ya daraja jingine na hujui mpaka umeshafika mbali. Sehemu hizo zitie alama kwa rangi, na ujifunze neno linalofuata kila njia panda kama kitu cha pekee. Kwenye kikao awepo mtu mmoja tu wa kukumbusha. Wakiwa wanne, kila mmoja na sauti yake, hata aliyekuwa anajua atasahau.

Ninalotaka ulione ni kwamba hofu ya kukariri inatibika, na mtu asikatae kiti kwa ajili yake pekee. Kutopenda kuamua kati ya watu ni jambo jingine. Hilo si kasoro, na mazoezi hayalibadilishi sana.

Turudi kwenye neno "abiria". Abiria katika loji yupo, ila si yule asiyetaka kiti. Ni yule anayelipa ada, anakula, anaondoka, na jina lake likitajwa kwa kazi anaangalia viatu. Wapo Wakuu Wastaafu wa namna hiyo pia. Walikaa mwaka wao na hawajashika kitu tangu hapo. Loji huishi kwa watu wa nafasi ambazo hazipo kwenye ngazi. Katibu anayejua nani amehama, nani ana deni, na barua ipi lazima ijibiwe kabla ya tarehe ipi. Mhazini anayefunga hesabu zikakaguliwa bila maswali. Mwangalizi wa wagonjwa na wajane, ambaye humpigia simu mjane wa ndugu aliyefariki zamani na kujua kama paa lake linavuja. Mlezi wa wanagenzi, anayekaa na aliyepokewa juzi ili asipotee kabla ya daraja la pili. Mkuu akibadilika kila mwaka bila watu hawa, kila mwaka loji inaanza upya.

Na nafasi hizi hazifai kuwa za mwaka mmoja. Mwaka wa kwanza Katibu anajifunza mafaili yako wapi. Kuanzia wa tatu ndipo anaanza kuzuia matatizo kabla hayajatokea. Ndiyo maana kumtoa Katibu mzuri ili "naye apate kiti" mara nyingi ni hasara mara mbili: loji inapoteza Katibu na inapata Mkuu wa wastani. Mwandishi Rudyard Kipling alipokewa mwaka 1886 mjini Lahore, katika loji ya Hope and Perseverance namba 782, kabla hajafikisha miaka 21 inayotakiwa, kwa kibali maalumu. Loji ilikuwa inahitaji katibu anayeweza kuandika. Wakampata. Mtunzi wa muziki Mozart alipokewa Vienna mwezi Desemba 1784 na akazitungia loji muziki. Hakuna anayewakumbuka hao wawili kwa kukalia kiti cha Mashariki, na hakuna anayewaita abiria.

Upande wa pili nao usemwe, nisionekane natetea uvivu. Kuna watu wanaopaswa kukilenga kiti na hawakilengi, kwa haya au kwa kudhani wanaokitaka ndio wanaofaa. Ukiona watu wanakujia wenyewe kuuliza "hili tulifanyeje", ukiona ukizungumza kwenye kamati mjadala unatulia, ukiona unaudhika kikao kinapoendeshwa ovyo na tayari kichwani umeshakipanga upya, basi hofu yako ya jukwaa ni ndogo kuliko unavyoifikiri, na loji itakukosa usipokwenda. Pia kuna faida ya kupita angalau sehemu ya ngazi hata kama hutaki mwisho wake. Katibu aliyewahi kuwa Shemasi anaelewa kwa nini mazoezi ya Alhamisi hayawezi kuhamishwa. Ulinzi wa Ndani, kwa maoni yangu, ni nafasi ambayo karibu kila ndugu anaweza kuishika mwaka mmoja bila kujifunga kwa lolote zaidi, mradi aseme hivyo mwanzoni.

Hapo tumefika kwenye namna ya kukataa. Kosa la kwanza ni kuzungumza na mtu asiye mhusika. Mkuu wa sasa hatakuteua. Atakayekuteua ni Mkuu ajaye, ambaye leo ni Msimamizi wa Kwanza. Huyo ndiye wa kumfuata. Kosa la pili ni kuchelewa. Anaanza kupanga maofisa wake miezi kadhaa kabla ya kusimikwa, na ukimjia wiki mbili kabla, atakuwa ameshawaahidi wengine nafasi kwa kudhani wewe upo mlangoni. Mfuate miezi mitatu kabla, ana kwa ana, si kwa ujumbe wa simu na si mezani baada ya kikao watu wakiwa wamechangamka. Kosa la tatu, ambalo ndilo linalozaa jina la utoro, ni kukataa mikono mitupu. Usiseme "mimi siwezi" ukaishia hapo. Sema kitu kama hiki: "Ndugu Msimamizi, najua unapanga maofisa wako. Sitaki niingie kwenye ngazi halafu nikuangushe nikifika Usimamizi, kwa hiyo nakuambia leo. Mlango nitaushika mwaka mmoja ukinihitaji. Zaidi ya hapo ningependa nikae chini ya Mhazini nijifunze hesabu, maana yeye ameshasema amechoka." Umemwondolea tatizo moja la miaka mitano ijayo na umempa suluhisho la jingine. Mtu wa namna hiyo haitwi mtoro na mtu yeyote mwenye akili timamu.

Kama mtu ameshaingia ngazini, yapo maeneo ya kushukia na maeneo ambayo kushuka ni kuvunja. Kabla ya Shemasi wa Pili hakuna anayeumia. Baada ya Shemasi wa Kwanza, kabla ya kukubali Usimamizi, bado ni sawa, na kwa kweli ndiyo mahali pazuri kuliko pote, kwa sababu kazi umeshaiona na sharti la mwaka wa Usimamizi halijaanza kuhesabika. Ukishakuwa Msimamizi wa Kwanza, kushuka kunaacha shimo. Aliye chini yako, Msimamizi wa Pili, huenda ametimiza mwaka wake na kanuni inamruhusu, lakini alijiandaa kwa mwaka mmoja mbele. Akiruka, Shemasi naye anaruka, na loji nzima inafanya kazi ambazo haijazifanyia mazoezi. Au anaombwa Mkuu Mstaafu arudi kitini. Huyo atakubali, maana hao huwa hawakatai, ila atakuwa ni mara yake ya tatu, na loji inayozungusha wastaafu wale wale huanza kuongozwa kama ilivyoongozwa zamani. Ugonjwa, kufiwa, kuhamishwa kikazi: hayo hayana lawama na hakuna anayeyahoji. "Nimegundua sipendi" ni jambo ulilopaswa kuligundua ukiwa na fimbo ya Shemasi mkononi.

Usikubali pia hoja ya "mwaka mmoja tu, utasaidiwa". Husemwa kwa nia njema, na msaada wenyewe hufika, lakini hufika kwa sura ya watu watatu wanaokuongoza kutoka pembeni huku wewe ukibeba jina. Ukiwa umesema hapana, sema mara moja, kwa upole, usiongeze sababu nyingine kila unapoulizwa. Sababu nyingi zinaonekana kama mazungumzo ya bei, na watazijibu moja baada ya nyingine mpaka uishiwe.

Na ukija kubadili mawazo baada ya miaka mitano, watoto wamekua au kazi imetulia, ngazi itakuwa bado ipo na umri wako si kizuizi. Utakuwa unazijua hesabu za loji kuliko Wakuu wengi waliokutangulia. Mfuate Msimamizi wa Kwanza wa wakati huo, miezi mitatu kabla, na umwambie unataka kuanzia ushemasi. Mlango utakuwa umeshaushika.